Mwenye Dhambi Namba Moja

Mzee wa ushirika wetu aliponiuliza kama ningekubali kutoa ushuhuda wangu kwenye mkutano wa Mamboleo, ilinipasa kukataa. Nilimjibu, "Bwana akipenda." Kwa watu waliookoka, hiyo ni ndiyo iliyovalishwa nguo ya heshima.

Ushuhuda wenyewe nilikuwa nimeutoa mara moja tu, miezi michache kabla ya hapo, sebuleni kwa jirani yangu wa Kaloleni. Sikuwa nimekwenda kuokoka. Nilikuwa karani bandarini, nilikuwa nimeamka na kichwa kizito cha chang'aa, na nilivuka ua kuwaambia watu wa ushirika waliokutana kwake wapunguze sauti ya nyimbo. Wakanipa kiti. Nilipoketi, nikaanza kulia, na sikujua kwa nini. Jirani akaniuliza nina nini. Nikasema, "Ninakunywa. Watoto wangu wananiogopa. Nimechoka." Basi. Palikuwa na watu kumi na kuku mmoja, na tangu siku hiyo sijasema tena mbele za watu maneno matatu yaliyo kweli kama hayo.

Nikaacha pombe. Hilo lilikuwa la kweli na limedumu hadi leo, na silidharau. Lakini nilidhani kwamba kuokoka ni yule mtu wa zamani kufa. Hakufa. Alioga, akavaa tai, akaomba apewe kipaza sauti.

Mke wangu aliuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Manyatta. Alinitazama miezi kadhaa bila kusema neno, kama mtu anavyotazama paa linalovuja ambalo ghafla limeacha kuvuja. Halafu asubuhi moja, tukiwa uani tunachagua omena kutoa vigamba vya konokono na mchanga, akasema, "Baba, na mimi niko na kitu."

Akaniambia. Mwaka ule niliosimamishwa kazi kwa ulevi, chakula cha nyumbani kilitoka ufukweni, na ufukweni mwanamke hapati samaki kwa kuwa ana beseni tu. Mvuvi huchagua wa kumuuzia, na anayechaguliwa hujua atadaiwa nini. Yeye alikuwa rafiki wa mvuvi mmoja kwa msimu mmoja. Niliporudishwa kazini, akaacha.

"Nimekuambia wewe," akasema. "Mungu anajua tayari."

Nikamwambia, kwa sauti ya kichungaji, kwamba nimemsamehe.

Akaniangalia. "Wewe ndiyo umenisamehe mimi?" Kisha akaendelea kuchagua omena.

Huko Mamboleo walikuwa wamefunga turubai kando ya barabara, na kipaza sauti kilichoendeshwa kwa betri ya gari. Nilisema habari ya chang'aa, nikashuka. Watu wakapiga makofi ya adabu. Aliyenifuata alikuwa mwizi wa zamani. Mtu huyu alikuwa ameiba kila kitu Kisumu isipokuwa ziwa, na mara moja alikuwa amepanda juu ya kanisa na kung'oa mabati yake, waumini wake wakiwa kwenye mkutano mtaa wa pili. Alipofika kwenye mabati, akina mama walipiga yowe. Alipomaliza, walikuja mbele wakilia.

Nikiwa nimeketi, ndugu mmoja aliniinamia sikioni. "Yako ni nzuri, ndugu. Lakini walevi ni wengi, yawa. Hata mimi nilikuwa mlevi."

Maneno hayo yalinikaa kifuani kuliko mahubiri yote. Nilimwonea mtu wivu kwa sababu alikuwa amekuwa mbaya kuliko mimi. Sikuuita wivu. Niliuita mzigo wa roho za watu.

Mialiko ikaendelea, na ushuhuda wangu ukaanza kukua. Mtaro niliolala ndani yake mara moja ukawa wa kila mwisho wa mwezi. Kofi nililompiga mtoto likawa mkanda. Wakati huohuo nilijitahidi sana kuwa mnyenyekevu. Kwenye ibada niliketi benchi la nyuma, ila lile la upande unaoonekana vizuri kutoka madhabahuni. Mchungaji aliponiita nije mbele nilikataa mara mbili, na ya tatu nikaenda. Niliwahi kumsikia mama mmoja akisema, "Yule mzee hana kiburi hata kidogo," nikabaki na furaha siku nzima.

Halafu likaja kusanyiko kubwa, uwanjani mjini, mchana, jua kali. Watu walitoka hadi Seme na Nyakach. Mke wangu alikuja na wenzake wa sokoni, wakatandika leso zao mbele upande wa akina mama. Ratiba ilimweka mwizi kwanza, mimi baadaye. Nadhani kila mtu angeona kwamba hilo ni jambo gumu.

Nilisema chang'aa. Nilisema mtaro. Niliona watu wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo, na mwanamume mmoja akitafuta kiatu chake. Ndipo nikasema, "Ndugu zangu, ulevi wangu ulimtupa mke wangu mikononi mwa mvuvi." Nikataja ufukwe. Nikaeleza msimu wote. Nikasema dhambi ile si yake, ni yangu, na mimi ndiye mwenye dhambi namba moja katika uwanja huu. Nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Mpaka leo hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Haleluya ikapanda kama moto wa makuti. Waliokuja mbele walikuwa wengi kuliko wa mwizi. Niliwahesabu. Upande wa akina mama niliona leso zikivutwa, mke wangu akibaki na nafasi pande zote mbili.

Mwizi alinipata nyuma ya jukwaa. "Omera," akasema, "mimi mabati nilirudisha. Hiyo utairudisha namna gani?"

Nikafikiri ananionea wivu.

Nyumbani, mke wangu aliweka chai mezani kwanza.

"Ile ilikuwa dhambi ya nani?" akauliza.

"Yangu, mama. Si ulisikia? Nimebeba lawama yote."

"Nimesikia. Sasa kesho mimi nitaenda sokoni. Wewe na lawama yako mtaenda wapi?"

"Kazini."

"Ee," akasema. "Kazini."

Sokoni walimpokea vizuri. "Karibu, mama! Leo rafiki ametuma samaki gani, mbuta au ngege?" Mwingine alimwambia asihangaike na beseni, yeye ana njia zake. Aliendelea kupima omena. Kabla ya mwezi kuisha aliacha omena, akawa anauza sukuma wiki nje ya nyumba, kwa bei yoyote.

Niliomba msamaha. Ningependa hilo lijulikane. Niliomba mbele ya ushirika, siku ya ushuhuda, nimepiga magoti kwenye saruji. Akasema amesamehe. Watu wote walikuwa wanamwangalia. Sijui angesema nini kingine. Nilisimama nikipangusa suruali, na ndugu mmoja akaniambia hajawahi kuona mume aliyevunjika hivyo. Nikamshukuru.

Tangu hapo aliniambia kwamba chumvi imeisha, kwamba mvua inakuja, kwamba mtoto anahitaji sare. Aliitika nilipoita. Alinipikia samaki vizuri. Mimi niliita hiyo amani, na niliitaja kwenye mikutano kama tunda la wokovu.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati wakati binti yetu aliyeolewa alipokuja kututembelea, akamwona mama yake akivaa blauzi, akatoka chumbani na uso umebadilika. Palikuwa na uvimbe kwenye titi. Ulikuwa na zaidi ya miaka miwili. Dada yake mke wangu alijua tangu mwanzo; aliapishwa asiniambie. Daktari aliuliza tulikuwa wapi siku zote uvimbe ulipokuwa mdogo kama punje ya njugu.

Nilikaa kando ya kitanda hospitalini, mchana, wagonjwa wengine wakila. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniombea," akasema.

"Kwani kuombewa ni kubaya?"

"Ungeniombea kwa sauti."

Akageukia ukuta, si kwa hasira. Alikuwa amechoka.

Alifariki kabla ya mvua ndefu. Kwenye mazishi waliniomba niseme machache. Nilikataa, na watu walisifu unyenyekevu wangu.

Sisemi kwamba sikuokoka. Naamini kitu kilinigusa siku ile sebuleni, na kingenitosha kama ningekiacha kinyamaze. Nilikubali kukibeba jukwaani kwa sababu nilitaka kuonekana. Kwa hiyo mke wangu alijifunza kwamba mimi si mtu wa kuambiwa kitu, akaficha ugonjwa uliokuwa na dawa mpaka ukakosa dawa, akafa. Nilimpoteza yeye, na kabla ya hapo nilipoteza miaka yote aliyoishi nami bila kuniambia neno lolote la moyoni mwake.