Mawe ya Bibi Juu ya Kasanga

Tulianza kuuona mkono. Ulitokeza kwenye tope, chini ya mchungwa uliolala mizizi juu, na bangili ya shaba ikiwa bado mahali pake. Baba alikuwa anafukua kwa vidole, anasema polepole, "Mama, vumilia. Nakuja, mama." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na gauni langu la mtumba, la maua ya njano. Nikalivua palepale mvuani, nikabaki na shimizi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sasa naishi Malangali, hapa Sumbawanga, na machungwa nayanunua sokoni kama wewe. Ila nikilimenya moja tu, harufu yake inanishusha mpaka kule kwenye mteremko juu ya Kasanga, ziwa likimeremeta chini yetu. Pale hapakuwa na udongo wa kuita udongo. Ni mwamba na mawe meusi, ukiyakanyaga mchana yanakuunguza nyayo. Watu walimcheka bibi yangu alipoanza kupanda matunda.

Lakini bibi alitoka huku juu, akaolewa kule chini, akashuka na akili ya Wafipa. Si unayajua intumba, yale matuta yetu ya duara, tunafukia majani yaoze ndani kwanza ndipo tupande? Basi bibi aliyatengeneza katikati ya mawe. Alitafuta ufa, akaujaza majani, mavi ya mbuzi, majivu na vichwa vya samaki aina ya migebuka. Mvua ikishaozesha, anapanda mche. Halafu upande wa chini anapanga mawe, ukuta mfupi wa kuzuia udongo. Mti kwa mti, ukuta kwa ukuta, mteremko wote ukawa kama ngazi ya kwenda mbinguni. "Mti unasimama kwa mizizi," alikuwa akisema, "huku kwetu unasimama pia kwa jirani yake, jiwe."

Michungwa ikichanua, hata uji wa ulezi ulinukia maua. Sisi wajukuu tulipandisha maji kutoka ziwani kwa ndoo, tukigombana nani amwagilie mti gani, maana kila mmoja alikuwa na wake. Watu wa Kasense, huku juu, walishuka na maharage, wakarudi na machungwa. Mvua ikinyesha tulisikia maji yakinong'ona ndani ya kuta, yanateremka taratibu kama mzee. Tulilala nayo.

Kisha zikaja siku za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Ushirika uliokuwa unachukua mahindi ulishakufa, duka la kijiji limebaki rafu na panya. Tajiri mmoja wa mjini akaja na lori lenye marobota ya mitumba. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemleta mpaka kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata machungwa?"

"Machungwa yanaoza, bibi. Mimi nataka mawe. Najenga."

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho. "Mawe? Kwani mjini mmemaliza vyakula?"

"Mama, usituchekeshe," mwenyekiti akasema. "Ardhi ni ya kijiji, na mawe ni ya kijiji. Siku hizi ruksa, kila mtu afanye biashara."

"Na mvua ikija, itazuiwa na ruksa?"

Mwenyekiti akamgeukia baba. Baba akatuangalia sisi, matako yetu yakichungulia kwenye viraka, akasema, "Mama, watoto wako uchi."

Basi tukabeba. Mawe ya kuvunja mlimani ni kazi ya watu wazima, lakini ya bibi yalikuwa yamekwishachaguliwa na kupangwa. Kijiji kizima cha watoto kilipanga mstari hadi kwenye lori, tukiimba, na tajiri akitutupia nguo, anayebeba zaidi anachagua kwanza. Mimi nililitaka lile gauni kabla binamu yangu hajalishika. Nikaenda kwenye ukuta wa karibu, ule wa nyuma ya nyumba.

"Huo uache, mjukuu wangu," bibi akasema. "Huo umeshika nyumba."

"Nachukua la juu tu, bibi."

Nilichukua la juu. Likafuata la chini yake, nalo likawa la juu.

Masika yaliingia kwa fujo. Maji hayakunong'ona tena, yalikimbia. Alfajiri moja bibi alitoka na kanga kichwani kurudishia mawe machache yaliyobaki kwenye ule ukuta wa nyuma ya nyumba, na mteremko ukaja na michungwa yake ukamkuta ameinama hapo.

Msibani mwenyekiti alisimama akasema mvua ni ya Mungu, tusitafute mchawi. Watu wakaitikia. Baba hakusema kitu, wala siku ile wala mpaka anaingia kaburini. Kule juu ya Kasanga sasa ni mwamba mtupu, hata mbuzi hawapandi. Tajiri ana nyumba mjini, msingi wake mawe meusi, napita mbele yake nikienda sokoni.

Mimi kosa langu nalijua, nalala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa mtoto, nilitaka gauni. Wao walikuwa watu wazima, na bibi aliwauliza juu ya mvua wakiwa wamesimama mbele yake. Mwenyekiti yu hai, anatembelea mkongojo, anapewa kiti cha mbele kanisani na watoto wanamwamkia. Mimi simwamkii. Namtaka asimame pale pale aliposimama msibani, na tajiri wake pembeni, anijibu: bibi yangu aliuawa na mvua, au aliuawa na nani?