Tope la Yaeda Chini

Dereva huyu wa Lendikruza ya wagonjwa, mwenye viganja vipana kama sepetu, hachagui tairi kwa macho kama ninyi mnaodanganywa na mng'ao. Akifika dukani Haydom hutoa mfukoni bonge la tope la Yaeda Chini, hulilowesha, hulishindilia kati ya kashata za tairi, yale meno yake, kisha hupiga teke aone kama litatemwa; lisipotemwa, hanunui.

“Shikamoo mzee, leo tena unatusongea ugali?” Evarist muuzaji humtania, naye hucheka.

Leo hakucheka. Mkewe alifia katika tope hilo, gari likiwa limekwama. Sasa binti yao yuko kulekule, anasubiri uchungu, na mvua imeanza. Akapiga teke tairi la mwisho dukani. Tope likang'ang'ania, kama kwenye mengine yote.

“Basi nifungie hayohayo,” akasema, akilikwangua tope kwa kucha na kulirudisha mfukoni.