Ada ya kushikia nyumba ya likizo, na karatasi niliyoshindwa kumsomea baba yangu

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Juzi humu ndani kuna mtu aliuliza kwa nini alipe booking fee ya nyumba ya likizo halafu bado atakiwe kulipa kodi. Mkamcheka. Mimi sikucheka. Haya ninayoandika yalinipata mwenyewe, na sijayapunguza ili nionekane mwema.

Ni enzi za Zaïre, Bukavu. Nilikuwa dactylo, mpiga chapa, kwenye ofisi moja mjini. Kazi yangu kutwa nzima ilikuwa karatasi. Hilo mlikumbuke.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Nyantende, kijiji cha mlimani juu ya mji. Ujanani, wakati wa Wabelgiji, alifanya kazi kwenye nyumba moja ya ufukweni, kule Botte, mtaa wa Wazungu kando ya ziwa. Miaka mingi alipika na kutandika vitanda vinavyotazama ziwa, halafu jioni anapanda mlima kwenda kulala kwake.

Mama alipofariki, nilimuuliza anatamani nini. Akasema kitu kimoja tu: kulala kwenye kile chumba cha juu na kuamka aone ziwa akiwa bado kitandani.

Basi nikasikia kwamba nyumba ile ile inapangishwa kwa wiki wakati wa grandes vacances, likizo ndefu ya shule. Nikaenda kwa wakala, maman mmoja mpole, nikalipa alichokiita frais de réservation, yaani ada ya kushikia nafasi. Akanipa risiti. Nyuma yake kulikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba.

Siku hiyo hiyo nikapanda Nyantende. Papa akaipokea kwa mikono miwili.

“Hii karatasi inasema nini?”

“Inasema nyumba iko yetu, Papa.”

“Njo vile. Tumetoa kalinzi.”

Kwa wasiotoka kwetu Bushi: kalinzi ni ng'ombe unayempelekea chifu ili akupe shamba. Ukishatoa, umetoa. Usipolima msimu huu, hakuna wa kukugusa, shamba ni lako na la watoto wako. Papa hakujua namna nyingine ya kutanguliza kitu kabla ya kukaa mahali. Na mimi msomi wake, naona aibu kusema, niliwaza vile vile.

Tulitakiwa kuingia Jumamosi. Mtama ulikuwa bado shambani, Papa akaomba tumalize kuvuna kwanza.

“Nyumba itakimbia wapi?” akasema. Nikacheka, nikaingia shambani kumsaidia.

Tukashuka Jumatatu. Papa alivaa abacost, ile suti ya enzi hizo isiyo na tai, aliyoipiga pasi mwenyewe, na mkononi kikapu cha ndizi za kumpa mlinzi. Alikuwa anaongea njia nzima, yeye ambaye si mtu wa maneno.

Kwenye kamba ya uani zilianikwa nguo za kuogelea za watoto wa watu wengine.

“Citoyenne, kuko batu ndani tangu jana,” mlinzi akaniambia, kwa neno tuliloitwa wanawake wote enzi hizo.

Nikachukua risiti kwa Papa, nikamwacha getini, nikakimbia kwa wakala. Hakunifokea. Aligeuza tu risiti, akaweka kidole. Ada inashikilia nyumba hadi Jumamosi saa sita mchana. Usipofika na kodi yenyewe, wanapewa wengine, na ada hairudi.

“Maman, weye unajua kusoma. Haukusoma?”

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Niliporudi, Papa hakuwepo getini. Mlinzi alimhurumia, akampitisha mlango wa nyuma akaone kidogo. Nikamkuta jikoni, jiko lake la zamani, koti la abacost kaliweka kwenye kiti, anawachemshia wageni kahawa. Mama mgeni alimdhania ni mpishi, akamwagiza. Na yeye, ndani ya jiko lile, hakujua kukataa.

Hapo ndipo nilipaswa kusema: Papa, nimekosa, sikusoma. Badala yake nikawasingizia watu wa ofisi, nikasema, “Ni batu ya bureau njo balikosea, Papa. Tutarudia.”

Akafuta mikono, akavaa koti lake, akaniomba risiti akaitia mfukoni.

“Si kitu. Kalinzi haiozi.”

Likizo iliyofuata nilikuwa na mambo yangu, nikajiambia mwaka ujao. Mwaka huo ulipofika, Papa alikuwa amelazwa hospitalini. Siku moja akanivuta karibu na mto wake wa kulalia.

“Bale batu balishatoka mu nyumba yetu?”

“Balishatoka, Papa.”

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na ni uongo: nyumba haikuwa yetu kamwe.

Baada ya mazishi, kaka yangu alinikabidhi kitabu cha sala cha Papa. Ndani yake mlikuwa na ile risiti, imenyooshwa vizuri. Kaka akasema Papa aliagiza nipewe mimi, kwa sababu ndiyo ya nyumba ya ziwani, na mimi ndiye niliyeitafuta.

Ninayo hadi leo. Nimeisoma nyuma mara nyingi sana.

Kwa hiyo wakuu, ada ya kushikia nafasi si kodi, na wala haikufanyi mwenye nyumba. Kabla hujatoa, uliza: inashikilia hadi lini, na nisipofika inarudi? Ukiwa na mzazi asiyejua kusoma, msomee yote, hata yale madogo ya nyuma. Na ukikosea, mwambie akiwa bado anakusikia.

Yule mliyemcheka, mwombeni radhi. Na kama kuna mwenzangu aliyewahi kumficha mzazi jambo la namna hii, aandike hapo chini, nami nitasoma kila neno.