Jogoo Aliyeliwa na Kicheche

Mama mkwe wangu alikuwa mbishi, nami nilimpenda hivyo hivyo. Pale kijijini kwetu Mofu, mgeni akija, kila nyumba ilimchinjia jogoo mkubwa kuliko wote. Waliobaki kuzaa ni wale vikonda, halafu watu wakalalamika kwamba kuku wa siku hizi hawana nyama. Mama hakuukubali upuuzi huo. Kila jioni alivipapasa vidari vya kuku wake mmoja mmoja, akipima unene wa nyama kwa vidole, na wazito hawakuguswa. Wageni walikula wembamba. Hata kaka wa marehemu mumewe aliwekewa kikonda, akaondoka amenuna, na ukoo mzima ukamwita mama bahili.

Siku moja nilitaka kuchinja kuku tembe mmoja mwembamba. Akaninyang'anya.

"Huyu alipata njaa akiwa kifaranga, mwanangu, ndiyo maana amedumaa. Lakini baba yake si unamjua? Atazaa wakubwa huyu."

Nilicheka. Mimi niliona mifupa na manyoya tu.

Vita vya Maji Maji vilipofika bondeni, askari wa Wadachi walichoma maghala yetu ya mpunga na kubeba kuku wote walionona. Yule tembe walimtazama wakamwacha. Mama akamtia kwenye tenga, tukakimbilia kwenye matete ng'ambo ya mto. Huko tembe, ambaye alishapandwa kijijini, alitaga mayai matatu, likaanguliwa moja, kisha yeye mwenyewe akafa kwa kideri. Tuliporudi kijijini na kupata pumba kidogo, kifaranga yule akawa jogoo mwenye kidari kipana, babu yake mtupu. Nilimwomba mama msamaha, akafurahi kupita kiasi. Ile ndiyo mbegu pekee iliyosalia, na kijiji kizima, kuku waliobaki wakiwa wameliwa kwa njaa, hakikuwa na tetea hata mmoja wa kumpandisha. Mama alisema tutangoja.

Kabla tetea hajapatikana, nikajifungua. Njaa ilikuwa imenimaliza, maziwa hayakutoka. Mwanangu alilia siku mbili mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi ya tatu nikamsikia mama akinoa kisu.

"Mama, usimchinje. Mbegu itapotea."

"Wewe lala, utakunywa mchuzi."

Alinilisha kidari chote, na firigisi pia, ambayo kwetu ni haki ya mwanamume. Yeye hakuonja. Kesho yake maziwa yakaanza kutoka, mtoto akanyonya mpaka akasinzia, nami nikalia kwa aibu na furaha.

Wiki ile ile yule shemeji yake mama alikuja kumwona mtoto, akauliza jogoo yuko wapi. Mke aliyeolewa juzi kula alichonyimwa mkubwa wa ukoo, ningesemwa maisha yangu yote. Mama alikuwa amempakata mtoto, anamfuta maziwa kidevuni.

"Kaliwa na kicheche," akasema, wala hakuinua macho.