Kaptula ya Kwenda Manyovu

Martini alikuwa na mke, na bado alilala peke yake. Mkewe, Spesiosa, alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye kilima kimoja cha Mabanda, Burundi, akimuuguza baba yake aliyepooza upande mmoja. Aliondoka Ujiji na kikapu kimoja, akisema anakwenda kumwona mzee na atarudi maharage yakishavunwa. Maharage yakavunwa. Yakapandwa mengine, nayo yakavunwa. Spesiosa hakurudi.

Hawakuwa wamegombana, na hilo ndilo lililowachanganya majirani. Mke akiondoka kwa ugomvi watu wana la kusema. Huyu aliondoka analia, mumewe akimbebea kikapu. Mama yake Martini, Veneranda, aliyekuwa akiishi nao nyumba moja, aliacha kabisa kumtaja mkwewe. Ila kila jioni alisonga ugali wa watu watatu, na kilichobaki wakakila asubuhi kwa chai.

Martini aliuza dagaa kwa baiskeli. Kulipopambazuka alishuka mwalo wa Katonga, akachagua dagaa waliokauka vizuri wasio na mchanga, akafunga gunia kwenye keria na kupita nalo vijijini, barabara ya Kidahwe. Zamani, siku za Jumapili, keria hiyo ilikuwa ya Spesiosa. Alikaa upande, mkono mmoja kwenye mkanda wa suruali ya mumewe, na wakiteremka kuelekea ziwani alimpigia kelele afunge breki, kisha akampigia kelele aziachie. Tangu aondoke, mara nyingine kwenye mteremko Martini alipeleka mkono nyuma bila kufikiri, akagusa gunia.

Simu zilikuwepo, lakini mtandao wa kile kilima ulikuwa wa kubahatisha. Siku moja sauti ya Spesiosa ikaja safi kama yuko chumba cha pili.

"Kila mwisho wa mwezi nakuja gulio la Manyovu kuuza parachichi," alisema. "Njoo tuonane pale."

"Nitakuja mpaka nyumbani. Nimsalimie na mzee."

"Usije nyumbani, Martini. Baba akikuona atajua umekuja kunichukua. Juzi nilitaja jina lako tu, akafunga mdomo. Uji haukupita siku nzima."

Martini akakubali Manyovu. Angeweza kupanda gari, lakini wateja wake wapya angewapata njiani, Mwandiga, Kalinzi na vile vijiji vya juu ambako dagaa ni wa kutafuta, na gunia ndilo lililomlisha yeye na mama yake. Basi akapiga pampu magurudumu, akavaa suruali yake ya jinzi, ile nzuri, kwa kuwa anakwenda kuonana na mkewe, akaondoka.

Kidahwe haikuwa imemfundisha kitu. Kule barabara ina mahali pa kupumzika. Ya Manyovu ni kupanda, halafu kupanda tena. Alipofika Kalinzi, kwenye baridi na migomba na kahawa, mishono minne ya jinzi, inayokutana pale hasa mtu anapokalia, ilikuwa imegeuka kisu. Akawa anaendesha amesimama kwenye pedali. Miguu ikichoka anakaa, akikaa anasimama. Alifika gulioni saa za mchana na kumkuta Spesiosa mbele ya duka moja, parachichi zake zimekwisha, amemwekea benchi.

"Kaa basi, mume wangu."

"Nimekaa sana njiani. Acha nisimame."

Akasimama muda wote. Spesiosa alikuwa amekonda, na mikono yake imekuwa migumu. Alimweleza jinsi anavyomgeuza mzee kitandani, jinsi mzee anavyolia akiona anashindwa kushika kijiko. Martini alitaka kusema mambo mengi aliyoyapanga tangu Mwandiga, lakini maumivu yalimla maneno. Jua likapinda, Spesiosa akajitwika kikapu chake. Waliagana kama watu waliokutana njiani tu.

Alirudi juu ya lori la ndizi, amelala kifudifudi. Nyumbani likamtoka jipu. Mama yake alimchemshia maji ya chumvi ya kukalia, asubuhi na jioni, bila kuuliza maswali. Mwisho wa mwezi uliofuata ulimkuta hawezi hata kusogelea baiskeli. Simu nazo siku hizo hazikushika. Spesiosa alikwenda Manyovu, akangoja mpaka wenye turubai wakakunja turubai zao. Siku mbili baadaye mtandao ukarudi.

"Nilidhani umechoka na mimi," alisema.

"Sijachoka. Niliumia."

"Uliumia wapi?"

Mama yake Martini alikuwa palepale anachagua mchele. Martini akatoka nje, akageukia ukuta. "Pa kukalia," akanong'ona.

Spesiosa akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kwenye keria, ambacho Martini hakuwa amekisikia tangu aondoke. Kikaendelea, kikabadilika katikati, na Martini akatambua kwamba mkewe analia.

Siku hiyo aliamua kwamba ngozi yake haitamzuia tena kumwona mkewe, na akaanza kutafuta vazi la safari kwa bidii ya mtu anayetafuta dawa.

Kwanza alifunga kipande cha godoro juu ya kiti cha baiskeli. Kilihama kila alipokanyaga pedali, na alipofika Mwandiga kilikuwa kimembana upande mmoja vibaya kuliko kiti chenyewe. Akajaribu bukta ya kuchezea mpira. Nyepesi, inapitisha hewa, lakini ni pana, ikajikunja katikati ya mapaja na kumchubua, na mshono wa chupi ndani yake ukamalizia kazi. Akajaribu bukta ile bila chupi, akarudi mapema.

Ndipo akaenda soko la Mwanga, kwa muuza mitumba mmoja aitwaye Happiness, mwanamke mwenye sauti ya kuitia wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Martini alimweleza shida yake kwa kuzunguka-zunguka. Happiness akamkatisha.

"Kaka, nina vitu hapa vimekaa tangu mwaka jana, watu hawavitaki. Mimi nilidhani ni pampasi za wazee wa Ulaya."

Akachomoa chini ya lundo kaptula kadhaa nyeusi za kubana, za kitambaa kinachovutika, kila moja ina sponji imeshonwa ndani, pale pa kukalia. Martini alizishika na kuelewa mara moja kwamba kuna watu huko duniani waliowahi kuumia kama yeye, wakakaa chini wakafikiri.

Kuchagua kulimchukua asubuhi nzima. Ya kwanza ilikuwa na sponji nene, laini kama andazi, ikamvutia sana, lakini alipoibana kwa kidole gumba ilikwisha yote na kidole kikagusa kidole cha upande wa pili. Akaona kwamba kilima cha Kalinzi kitaimaliza vilevile. Ya pili sponji yake ilikuwa nyembamba zaidi, ngumu kidogo, na ukiibonyeza inarudi. Hiyo akaiweka pembeni. Ya tatu aliinyoosha dhidi ya jua, akamwona Happiness upande wa pili kupitia kitambaa.

"Hiyo itaniaibisha," akasema, akairudisha.

"Unachagua kama unachagua mchumba," Happiness akacheka.

"Mchumba nilishachagua, dada. Hii ni ya kunifikisha kwake."

Happiness akaacha kucheka. Kuanzia hapo akawa anageuza nguo ndani nje, anapitisha kidole kwenye mishono, anatafuta ile iliyolala bapa isiyokwaruza. Alivuta lastiki za miguuni aone kama bado zina uhai, maana lastiki iliyokufa itaacha kaptula ipande mapajani. Zikabaki mbili. Martini akazijaribu nyuma ya pazia, na zote zikamkaa vibaya: zilimbana kiunoni na sponji ikaning'inia kama mkia.

"Wewe umesimama," alisema Happiness. "Utaendesha umesimama?"

Akaenda kumshikia baiskeli katikati ya soko. Martini akajifunga kanga ya dukani kiunoni kwa aibu, akapanda, akainama kushika usukani. Na kweli, alipoinama, ile ya sponji ngumu kidogo, aliyokuwa ameivaa, ilipanda mgongoni mpaka mahali pake, ikaacha kubana, na sponji ikaja kukaa chini ya ile mifupa miwili inayobeba uzito wa mtu. Alikaa pale juu ya baiskeli isiyokwenda popote, watu wakimtazama, akafumba macho. Alikuwa Kalinzi tayari.

Nyumbani aliifua kwa sabuni mara mbili, akaianika juani imegeuzwa ndani nje. Mama yake aliikuta kambani, akaizunguka.

"Utapita nayo hii hapa mtaani? Wazee wamekaa barazani wanangoja adhana, wewe unapita na mapaja nje?"

"Nitavaa pensi pana juu yake, mama."

"Na ndani?"

"Ndani hakivaliwi kitu. Chupi ndiyo iliyoniletea jipu."

Veneranda akatikisa kichwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kifuko cha karanga za kukaanga. "Mpelekee," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumgusia mkwewe tangu aondoke, na hata hapo hakutaja jina.

Mwisho wa mwezi Martini alipanda vilima vile amekaa. Jasho lilimtoka, miguu ilimwaka, lakini hayo ni maumivu ya mtu anayefanya kazi, na huyo anaweza kufikiri mengine. Gulioni alikaa kwenye benchi bega kwa bega na mkewe. Walikula karanga. Walizungumza, wakanyamaza, wakazungumza tena, na walipoagana Spesiosa alishika mkanda wake kidogo, kama zamani, kabla ya kuuachia.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Lakini safari isiyo na maumivu ilimpa Martini nafasi ya kuliona wazo ambalo awali lilifichwa na maumivu. Kila alipokuwa akipanda alihesabu moyoni mambo yatakayowezekana mzee akiondoka. Hakusema "akifa". Alisema "akipumzika". Siku moja, karibu na Kalinzi, aligundua kwamba anaomba, midomo inacheza kabisa, na kwamba anachokiomba ni hicho. Akashuka kwenye baiskeli. Akaisukuma mpaka juu kwa miguu, ingawa kaptula haikuwa na tatizo lolote.

Mwezi uliofuata Spesiosa alimpokea gulioni bila kikapu.

"Baba amesema uje."

"Amejuaje?"

"Njoo tu."

Martini akaandikishwa mpakani, wakavuka, wakapanda njia ya udongo mwekundu mpaka nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba. Mzee Ndayiragije alikuwa ameegemezwa ukutani, mkono mmoja umelala pajani. Alikuwa ameishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu, na Kiswahili chake hakikupotea, ila sasa kilitoka upande mmoja wa mdomo, polepole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, umukwe wanje, mkwe wangu." Alimtazama sana. "Unadhani sikujua? Kila siku ya gulio mwanangu anaoga mara mbili."

Spesiosa akainamisha kichwa. Alikuwa amepiga magoti, anamfuta baba yake kidevu.

"Nilinyamaza," mzee akaendelea, "kwa sababu naogopa kufa peke yangu. Nikasema, mumewe akija nitagoma kula. Lakini wewe hukuja. Watu wa gulioni wananiambia unaendesha baiskeli kutoka ziwani, unafika pale mpakani, unarudi. Miezi yote hiyo. Mimi niliwahi kuwa na mke, najua njia hiyo ni ndefu kiasi gani." Akapumua. "Mchukue. Nimechoka kukuibia."

Neno hilo Martini alikuwa ameliota kwenye kila kilima. Alikuwa amepanga mpaka namna Spesiosa atakavyokaa kwenye keria, na kikapu watakifunga wapi. Akamtazama mkewe. Spesiosa hakumtazama. Alikuwa ameuchukua mkono wa baba yake uliokufa, anaukunjua vidole kimoja kimoja, kama anavyofanya kila siku visigande.

"Baba," Martini akasema, "nikimchukua leo, kesho nani atakukunjua vidole?"

Machozi yalimtoka mzee kwenye jicho moja.

"Nimekuletea dagaa," Martini akasema. "Wa Katonga. Hawana mchanga."

Spesiosa aliwapika kwa mawese, akawaponda wakawa laini, na mzee akala. Aliomba waongezwe. Martini ndiye aliyeshika kijiko.

Spesiosa alimsindikiza mumewe mpaka mpakani jioni haijaingia. Walitembea baiskeli ikiwa katikati yao.

"Ungeweza kusema ndiyo," Spesiosa akasema.

"Ningeweza. Ungekuja?"

"Ningekuja," akasema. "Na ningekuchukia kidogo, kila siku kidogo."

Mzee yu hai bado. Siku hizi Martini anafika mpaka nyumbani, analala usiku mmoja, anamgeuza mzee ili Spesiosa apate usingizi, na asubuhi anaondoka. Wakati mwingine mzee anamuuliza kama barabara ilikuwa nzuri. Na Martini akiwa anarudi, akifika pale juu kabla ya Mwandiga ambapo ziwa linaonekana, hushuka, akaegemeza baiskeli kwenye ukingo wa barabara na kupiga simu. Mara nyingi haipiti. Hungoja, anajaribu tena, magari yanampita.

"Umefika?" Spesiosa huuliza inapopita.

"Bado," husema Martini, na hakati simu.