Bwana harusi wa kijani

Leo nimemfanya bwana harusi wa watu mgonjwa, na hana hata mafua.

Asubuhi nilikuwa narekebisha rangi za video ya harusi ya Wundanyi. Kila uso nauona mwekundu kupita kiasi.
Nikapunguza wekundu. Bado.
Nikapunguza tena.
Nikajisifu kidogo, nikatuma kipande kwenye grupu la familia ya maharusi.

Mjomba wa bibi harusi ndiye wa kwanza kujibu: "Mbona huyu kijana amekuwa kijani kama ndizi mbichi? Kumbe binti yetu ameolewa na mgonjwa?"
Shangazi naye akaandika kwamba kikundi cha maombi kimeshaanza kumwombea.

Nikafungua video kwa simu.
Woi! Kijani kweli!

Sasa, dirisha la studio lilikuwa wazi, na upepo wa Voi mnaujua.
Nikapitisha kidole kwenye skrini.
Vumbi jekundu, limetanda kote!
Yaani saa zote hizo nilikuwa nasahihisha vumbi. Nichekeni tu.

Nikapangusa skrini, nikaanza upya, nikatuma tena.

Mjomba: "Afadhali. Amepona."
Shangazi: "Bwana asifiwe! Maombi yamejibiwa."

Na mimi, fundi wa rangi, nikaandika: "Amina."