Kesho Nitamwigiza Deo Mbele ya Mama Yake

Akili yangu bado inakataa. Deo wetu hayupo, ndugu zangu.

Wiki iliyopita tulikuwa naye saiti tunapiga plasta. Akalalamika homa, akaomba ruhusa aende kwao mlimani akapumzike. Jana asubuhi mjomba wake akanipigia simu.

Kwa msionijua, mimi ni kibarua, Mnyamwezi wa Tabora, shule niliishia darasa la tano. Deo alikuwa Mluguru, kwa hiyo mtani wangu, kwani makabila yetu yanataniana mpaka msibani, na ndiye mtu wa kwanza hapa Morogoro kuniita kwa jina langu badala ya "wewe wa zege".

Siku hiyo hiyo akanianza. "Mnyamwezi, wewe ulizaliwa na mfuko wa saruji mgongoni."

Nikamwambia, "Na wewe ulizaliwa umeshika simu, ndiyo maana ndoo inakushinda."

Alipenda gemu kuliko wali. Ile ya kupigana, kwenye simu. Mtu wake alimwita Chuma, jitu lenye kipara, linakuinua, linakubwaga, kwisha habari yako.

Baadaye akatuletea gemu nyingine, ya mezani. Haina skrini. Mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja ana mtu wake, anasema mtu wake anafanya nini, halafu anarusha dadu kuona kama ameweza. Deo ndiye aliyekuwa msimulizi. Tulicheza Jumapili mchana chumbani kwa Rama, fundi mwenzetu, kule Mafiga, juu ya kipande cha ubao, kwa dadu za ludo.

Mimi nilikwenda kwa sababu Jumapili ni ndefu ukiwa mbali na kwenu. Nikajikuta naisubiri.

Deo akataka kumhamisha Chuma kutoka kwenye simu amlete mezani, tukutane naye njiani. Siku ya kwanza alimleta na nguvu zake zote. Chai haijapoa, ametubwaga sote.

Rama akakunja mikono. "Sasa bwana Deo, tumekuja kucheza au kuhesabu mbavu?"

Kesho yake kazini Deo alisimama tu, mwiko mkononi, plasta inamkaukia. Kisha akaniambia, "Mtani, kwenye simu huyu anapiga tu. Hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Nyie mezani mtamuuliza."

"Tutamuuliza, ndiyo."

"Basi ndipo nilipokosea. Huyu hana kwao."

Akampunguza nguvu. Akampa goti bovu. Halafu akampa mama.

Mama Chuma, muuza njegere wa mlimani. Deo alikuwa anajifunika taulo la Rama kichwani, anavuta maneno kama watu wa kwao. "We Chuma, umempiga mtoto wa watu, haya. Na kula umekula?" Chuma anaangusha mikono, anainama, hana ujanja tena.

Kila tukizidiwa tulipiga kelele, "Mwiteni mama!" Jirani aligonga ukuta mpaka akachoka.

Jana mjomba alipomaliza kunipa habari, akampa simu mama yake Deo. Sijawahi kumwona. Nikasema, "Shikamoo mama. Pole sana, mama yangu."

"Marahaba baba. Na kula umekula?"

Nikaitazama simu. Sauti ni ile ile ya Mama Chuma. Maneno ni yale yale. Deo hakuwahi kutuambia kwamba yule ni mama yake.

Mjomba akachukua simu. "Mnyamwezi, tunazika kesho kutwa. Mtani aliyekaa naye ni wewe, kwa hiyo kazi ya kumwigiza marehemu ni yako. Dada yangu anauliza kila mtu kama amekula, lakini yeye hajaonja kitu tangu mwanae afumbe macho. Mchekeshe. Akicheka atakula."

Kesho kutwa yake ndiyo kesho yangu. Nitaondoka alfajiri na pikipiki. Ruhusa ya supavaiza ninayo. Ujasiri ndio sina.

Nimwigize nini? Nikimwigiza akipiga plasta hakuna atakayecheka, plasta alipiga vizuri. Deo wa kuchekesha ninayemjua mimi ni yule mwenye taulo kichwani. Yaani nikasimame msibani, mbele ya mama, nimwigize mwanae akimwigiza yeye.

Rama ameniambia, "Usithubutu. Mama atajua mwanae alikuwa anamcheka huku mjini."

"Hakuwa anamcheka."

"Wewe unajua hivyo. Yeye atajuaje?"

Nimejaribu mbele ya kioo cha Rama, nimeanza mara kadhaa, sijafika mwisho. Nikiwaza jicho la mama likinitazama, nalivua taulo. Huenda akacheka. Huenda nikampa kidonda kingine na akakataa hata maji.

Lakini nimewaza hivi. Mama yangu yuko Tabora, na sauti yake imeanza kunipotea, nakumbuka maneno bila mlio. Deo aliishika ya mama yake kila Jumapili isimtoke. Mtu haigizi hivyo kitu anachokidharau.

Kwa hiyo taulo nimelikunja, liko kwenye begi. Nitalivaa. Mnaosali, niombeeni. Msiosali, msinicheke kabla ya wakati.

Deo, nikiharibu kesho, lawama ni zangu, usije ukanitetea. Nikipatia, mama atakula, hata kama ni kijiko kimoja, na mimi nitakaa pembeni yake mpaka amalize.

Haya Mluguru, waambie wakulaze vizuri. Huko kwenu mashamba yamesimama kama ukuta wa nyumba, usije ukaporomoka tukakuokota stendi huku mjini.

Lala, mtani wangu. Lala, na ujishikilie.